Altrasaundi ya mkono: inaonyesha nini, na uende lini kupimwa

Ukitaja altrasaundi huku pwani ya Kilwa na Lindi, wengi hufikiria mama mjamzito. Lakini kipimo hicho hicho hutumika kuchunguza bega, kiwiko, kifundo cha mkono na vidole. Kwa mtu anayevuta nyavu, anayelima ufuta, anayetwanga au anayesuka mikeka, mkono ndio mtaji wake.

Inavyofanya kazi

Mashine hutoa sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliisikii. Sauti hiyo ikigonga misuli au kano hurudi kama mwangwi, na kompyuta huugeuza kuwa picha. Pomboo hutafuta samaki kwa njia inayofanana na hiyo. Mpimaji hukupaka jeli kwa sababu hewa huzuia sauti kupita. Hakuna mionzi kama ya eksirei. Tena anaweza kukuambia uinue au uzungushe mkono huku akiangalia kano zinavyosogea.

Inachoonyesha

Bega: kano za misuli minne inayolishikilia, kama zimevimba, zimechakaa au zimechanika.

Kiwiko: kano za upande wa nje, ambazo huumia kwa kazi ya kukaza mkono tena na tena.

Kifundo cha mkono: mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba kuelekea kiganjani. Ukibanwa, mtu hupata ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku. Wajawazito na wenye kisukari hupata zaidi tatizo hili.

Chini ya ngozi: maji, usaha, au mwiba na kijiti kilichobaki ndani. Kijiti mara nyingi hakionekani kwenye eksirei, lakini altrasaundi huweza kukiona.

Isichoonyesha

Sauti hii haipenyi mfupa. Ukianguka kutoka juu ya mnazi au kwenye pikipiki, kipimo cha kwanza huwa ni eksirei. Pia picha pekee haitoshi: watu wengi wa umri mkubwa wana kano zilizochanika na hawasikii maumivu yoyote. Ndiyo maana daktari lazima akuulize na akushike mkono kwanza.

Kabla ya kulipa nauli

Kichwa cha mashine kinachopitishwa kwenye tumbo la mjamzito kimepinda. Mkono huhitaji kichwa kilichonyooka, kinachoona vizuri karibu na ngozi, pamoja na mpimaji aliyefundishwa kazi hiyo. Anzia zahanati au kituo cha afya. Ukipewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, Lindi mjini, uliza kabla ya kusafiri: je, wanapima bega na mkono? Mtaalamu yupo siku gani? Matatizo makubwa zaidi ya mifupa na viungo hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam.

Usisubiri

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa kiungo kimevimba, kina joto na mgonjwa ana homa, hasa mtoto. Usaha ndani ya kiungo unaweza kukiharibu kwa siku chache. Wahi pia kama mkono umepinda, vidole vimekuwa baridi au vimekufa ganzi, au umeshindwa kabisa kuinua mkono baada ya kuanguka. Usikubali kuchuliwa kabla ya kupimwa. Kama mfupa umevunjika, kuchua huusogeza na kunaweza kuumiza mishipa.

Bega likiuma bila ajali, punguza kazi nzito lakini usiufunge mkono kwa wiki nzima. Endelea kuusogeza taratibu kila siku, kwa maana bega lisilosogezwa hukakamaa. Maumivu yakiendelea kwa wiki kadhaa, au yakikunyima usingizi, muone mhudumu wa afya.