Majina ya Waliosoma Pamoja

Mwaka 1972 The Statler Brothers, waimbaji wanne wa Staunton, Virginia, walitoa “The Class of '57”, wimbo wa kantri unaotaja wanadarasa wa zamani mmoja mmoja na kueleza walikoishia. Huyu anauza magari yaliyotumika, yule yuko wodi ya wagonjwa wa akili, mwingine kajiua. Uzito wa wimbo uko hapo hapo: ukifika kwa aliyejiua haupunguzi mwendo. Anapita kwa mdundo uleule wa muuza magari, na msikilizaji ndiye anayeshtuka.

Kantri ina wapenzi wengi Kenya, na wimbo huu hauhitaji mkalimani Ukambani, iwe mji wa Kitui au wa Wote. Lakini usikilize sambamba na benga ya Kikamba, muziki wa gitaa kama ule wa Kakai Kilonzo na bendi yake, Kilimambogo Brothers. Mwanabenga humtaja rafiki na kwao ili aitike. Anayetajwa anajua amesalimiwa, ana watu. Msimulizi wa Statler hamsemeshi yeyote. Hata mkewe, ambaye alisoma naye, anatajwa kama habari tu.

Mazishini, kuanzia Mwingi hadi Kibwezi, naiona benga hiyo bila gitaa. Emsii anawaita waliosoma na marehemu. Wazee na akina mama wenye mvi wanajipanga mbele, mmoja anashika maiki, anataja shule na mwaka waliomaliza, kisha bahasha ya mchango inakabidhiwa familia. Darasa hapo bado lina deni kwa mtu wake, na linalilipa hadharani. Kwangu hilo linaupita wimbo wa Wamarekani kwa utu.

Ila salamu hizi za benga na za mazishini hazina nafasi ya aliyeshindwa. Hata njaa hutajwa kuliko yeye: Wakamba huipa kila njaa kubwa jina. Ngomanisye ya 1898 na 1899 ingali inatajwa. Njaa ina jina, lakini mtoto aliyeacha shule miaka ya 1980 kwa sababu ng'ombe wa karo walikufa kwa ukame hasimami kwenye foleni ile ya mazishini, wala hakuna anayeuliza yuko wapi. Statler wangemtaja. Wasichosema wao ni kilichomwangusha. Kwao ni maisha tu yalivyokwenda.

Natamani mwanabenga wa Kitui au Makueni atunge wimbo wa darasa lake: awasalimu walimu, madereva na wakulima wa ndengu, kisha amwite kwa jina aliyebaki nyumbani, na aseme mvua ilikosekana mwaka gani.