Ubao wa Qatar, F-16 na kibali kimoja: Platform One ni nini?

Mwaka 2016, katika kituo cha Al Udeid nchini Qatar, Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa linapanga safari za ndege za kujaza mafuta angani kwa ubao mweupe na kalamu za rangi. Ndiyo, ubao, kama wa darasani.

Hela ilikuwepo. Makadirio ya mradi wa kuboresha mifumo ya vituo vya aina hiyo yalipanda kutoka dola milioni 374 hadi milioni 745, kisha mwaka 2017 ukafutwa.

Kazi ya ubao ikachukuliwa na timu ndogo iliyokuja kuitwa Kessel Run, jina lililotolewa kwenye filamu za Star Wars, ambako ni njia ya magendo. Ndani ya miezi michache wapangaji wakawa na programu.

Lakini kuandika programu ni nusu ya safari. Haiwashwi jeshini bila kibali cha usalama, na kibali hicho kiliweza kuchukua miezi mingi. Kila kitengo kilikuwa na seva zake na zana zake, hivyo wakaguzi walianza upya kila mara, hata kama vitu walivyokagua vilikuwa vilevile.

Hapo ndipo Platform One ilipoingia. Badala ya kila timu kujijengea mazingira yake, inapewa yaliyo tayari: mahali pa kuhifadhi msimbo, pa kuujaribu na pa kuupeleka kwa watumiaji. Ina pia Iron Bank, ghala la kontena za programu ambazo zimeshakaguliwa. Timu ikichukua kutoka humo, inarithi ukaguzi uliokwishafanyika na kubaki na kazi ya kuthibitisha ilichoongeza yenyewe tu. Hii ndiyo faida kubwa. Mengine ni nyongeza.

Mwaka 2019 wahandisi wa jeshi hilo walipewa siku 45 kuendesha Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena, ndani ya kompyuta za ndege ya F-16. Wakaweza. Mwaka uliofuata, Wizara ya Ulinzi ikaitambua Platform One kama huduma ya wizara nzima.

Kutambuliwa ni jambo moja, kulipiwa ni lingine. Septemba 2021 Nicolas Chaillan, afisa mkuu wa kwanza wa programu wa jeshi hilo na sura ya mpango huu, alijiuzulu kwa barua aliyoiweka hadharani LinkedIn. Alilalamika kuwa wakubwa wanausifu mpango bila kuupa bajeti, na kwamba maofisa wasio na uzoefu wa teknolojia wanakabidhiwa miradi mikubwa ya kompyuta. Rubani asiye na mafunzo hapewi ndege, alihoji, kwa nini huku iwe sawa?

Chaillan aliondoka. Iron Bank ilibaki na inaendelea kutumika, ingawa baadhi ya vitengo bado vina majukwaa yao wenyewe.