Simu za Matangazo Zisizotakiwa: Haki za Mwananchi na Hatua za Kuchukua

Mteja anayenunua vitenge Mtaa wa Kongo au simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo jijini Dar es Salaam, mara nyingi huacha namba yake dukani: kwenye risiti, kwenye daftari la mizigo ya mikoani, au kwenye kundi la WhatsApp la mwenye duka. Baadaye, akiwa nyumbani na familia yake, huanza kupokea simu za matangazo kutoka kwa watu asiowafahamu. Wengi hudhani kuwa dawa pekee ni kuzima simu. Sheria za nchi zinatoa njia nyingine.

Msingi wa haki hiyo

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inampa mwananchi haki ya kumtaka aliyekusanya taarifa zake aache kuzitumia kwa matangazo ya biashara. Aliyechukua namba kwa ajili ya kusafirisha mzigo hapaswi kuigeuza kuwa ya kunadi bidhaa bila ridhaa ya mwenyewe.

Hatua za kuchukua

Kwanza, mwananchi atambue aina ya simu anayopokea, kwa kuwa kila aina ina mahali pake pa kushughulikiwa.

1. Matangazo ya duka au kampuni. Uliza jina la kampuni na mahali ilipopata namba yako. Kisha iandikie, hata kwa ujumbe mfupi, ukiitaka iache, na uhifadhi nakala. Ikiendelea, wasilisha malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

2. Matangazo ya mtandao wa simu. Piga namba 100, ambayo ni ya huduma kwa wateja kwa mitandao yote, uombe kuondolewa. Usiporidhika na majibu, lalamika Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

3. Utapeli. Anayekutaka utaje namba ya siri au utume fedha si mtangazaji wa biashara, usibishane naye. Tuma ujumbe wake kwenda 15040, kisha fuata maelekezo ya kuandika namba yake. Ikiwa fedha zimekwisha kutumwa, piga 100 mara moja na utoe taarifa Polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa.

4. Madeni ya watu wengine. Baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni huchukua orodha ya majina iliyomo kwenye simu ya mkopaji na kuwasumbua ndugu na marafiki zake. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Asiyekopa wala kumdhamini mkopaji hana wajibu wa kulipa, na anaweza kulalamika kwa Tume.

Ushahidi

Andika tarehe, saa na namba iliyopiga, na uhifadhi picha ya ujumbe. Kuzuia namba kwenye simu yako huleta utulivu, lakini mpigaji huweza kurudi kwa namba nyingine. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazobeba malalamiko yako. Aidha, piga *106# kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha Taifa.

Wajibu wa wafanyabiashara

Sheria inamgusa pia mwenye duka anayetunza namba za wateja. Anapaswa kueleza sababu ya kuzichukua, kuzitunza kwa usalama, kutozigawa kiholela na kumwondoa kwenye orodha ya matangazo mteja anayeomba. Mteja aliyepata madhara kutokana na ukiukwaji wa Sheria hiyo anaweza kudai fidia.