Alama za Mtutu: Tarehe ya Rivolva Ukambani

Kabla bunduki haijafika Machakos, silaha za huko zilikuwa tayari zinajitambulisha. Mshale wa Mkamba ulitiwa alama ya mwenyewe, ili ndovu aliyejeruhiwa akianguka mbali na macho ya mwindaji, pembe zisigombaniwe. Mhunzi alifua kigumba. Fundi wa sumu alichemsha msunguti, mti ambao Wakamba huuita kivai, mpaka ukatoa utomvu mweusi mzito kama lami. Kisha kigumba kikavingirishwa ukanda mwembamba wa ngozi, sumu isikauke wala isimdhuru mwenye podo. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika habari za Wakamba katika kitabu cha mwaka 1910. Gerhard Lindblom kutoka Uswidi alikaa Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1920 akachapisha Uppsala kitabu kinene kuhusu watu hao. Baadaye aliongoza makumbusho ya ethnografia ya Stockholm. Nawapa heshima yao, kwa kuwa hawakuitazama silaha peke yake. Waliandika pia maisha ya watu walioibeba.

Bunduki ilikuja na misafara ya pembe. Mwaka 1851 mmisionari Ludwig Krapf alisafiri kuelekea mto Tana pamoja na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui. Msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake nyikani. Alipofika mtoni alijaza maji katika mkoba wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani na vipande vya nguo, akaendelea na safari. Sijui kisa kingine cha bunduki Ukambani ninachokipenda kuliko hiki, ambamo mtutu uliokoa maisha bila kutoa risasi.

Mwaka 1889 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilifungua kituo mahali pa Masaku, mzee ambaye jina lake ndilo lililogeuzwa likawa Machakos. John Ainsworth alishika usimamizi mwaka 1892, na mji ukawa makao ya utawala wa bara mpaka yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1899. Kati ya kufunguliwa kituo na kuja kwa Ainsworth kulipita jambo lililoamua nani angebeba rivolva katika nchi hii kwa miaka sabini iliyofuata. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika ukanda mpana wa Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Machakos imo katikati. Mwafrika aliachiwa gobori, tena chini ya masharti. Rivolva ikakaa kiunoni mwa Mzungu.

Kwingineko duniani, wakati huo rivolva ya mtutu mfupi ilikuwa imeenea mifukoni. Webley wa Birmingham walitoa Bull Dog yao mwaka 1872, yenye mtutu wa inchi mbili na nusu, na karakana za Liège nchini Ubelgiji zikaiiga kwa wingi. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi kwa bastola ya namna hiyo. Colt walileta Detective Special mwaka 1927, Smith & Wesson wakatoa Chiefs Special mwaka 1950. Wakusanyaji wa leo huzigeuzageuza hizi wakitafuta chapa: duara la yai lenye herufi ELG kwa zile za Liège, muhuri wa ukaguzi wa Birmingham, namba zinazolingana kwenye fremu na silinda. Na bastola iliyokuwa mali ya serikali ya Uingereza ilipigwa chapa ya mshale. Mtu wa Ukambani angeielewa mara moja.

Wakamba walijaa katika jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) na polisi. Askari alipewa raifo. Rivolva ilikuwa ya ofisa, na ofisa alikuwa Mzungu. Jackson Mulinge, mzaliwa wa upande wa Kathiani, aliingia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili lakini hakupata kamisheni mpaka mwaka 1961, uhuru ukikaribia. Baadaye akawa mkuu wa majeshi yote.

Katikati ya miaka hiyo ilikuja Hali ya Hatari dhidi ya uasi wa Mau Mau, Oktoba 1952. Wapiganaji wa msituni walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mpira wa tyubu. Kukutwa na bunduki bila kibali kukawa kosa la kunyongwa. Kiongozi wao Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, na shtaka lililompeleka kitanzini lilikuwa la kumiliki rivolva ya Webley ya .38 na risasi zake. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kwa sheria, aliuawa kwa sababu ya kitu ambacho mlowezi alikivaa hadharani kila siku.

Basi si ajabu kwamba Kenya haina desturi ya kukusanya bastola kuukuu. Sheria ya silaha, Sura ya 114, humtaka mwombaji aeleze sababu nzuri ya kuhitaji bunduki, na mimi siitaki ilegezwe. Silaha haramu zinazokamatwa huteketezwa: 5,250 zilichomwa Ngong mwaka 2016, na 5,144 mwaka 2021. Zichomwe. Nchi yenye wizi wa mifugo kwa mtutu wa bunduki haiwezi kuziacha zirundikane stoo.

Ila kabla moto haujawashwa, aitwe mtu wa Makumbusho ya Taifa mwenye miwani na daftari. Asome chapa moja moja: kiwanda, namba, mahali ilipokamatwa na mwaka. Zile chache za zamani zitolewe pini ya kupigia risasi, mtutu uzibwe kwa chuma, ziwekwe chini ya ulinzi. Daftari lenyewe lipelekwe pia Machakos, kwa kuwa familia nyingi za huko zina babu aliyekuwa KAR au polisi, na namba iliyopigwa chini ya kitako yaweza kulingana na jina lililo katika rejista ya zamani.