Nukta Sita na Kanuni Moja: Historia ya Nukta Nundu na Funzo Lake kwa Sera ya Teknolojia ya Elimu Maalumu

Utangulizi

Mjadala kuhusu teknolojia katika elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu huanza, mara nyingi, na hesabu ya vifaa: vishikwambi vingapi, kompyuta ngapi, kwa shule zipi. Makala haya yanadai kwamba swali linalotangulia ni la lugha: kifaa kitaandika nini, kwa kanuni zipi, na nani ameziamua. Hoja hii inajengwa kwa kurejelea historia ya maandishi ya nukta nundu, teknolojia iliyoingia katika madarasa ya watoto wasioona karibu karne mbili zilizopita na ambayo haijatoka.

Kidole dhidi ya jicho

Valentin Haüy alipofungua shule ya watoto wasioona jijini Paris katika miaka ya 1780, alitumia herufi za kawaida zilizochapwa zikatokeza juu ya karatasi. Mwalimu anayeona alizisoma mara moja. Mwanafunzi alizipapasa polepole, moja baada ya nyingine, na ilimwia vigumu mno kuziandika mwenyewe. Baadaye Charles Barbier alileta mfumo wa nukta zilizoinuka, hadi 12 katika alama moja. Kidole kilizitambua nukta kwa wepesi zaidi, ila alama ilikuwa pana kuliko ncha ya kidole. Aidha, mfumo huo uliwakilisha sauti, si tahajia. Mtoto aliyeutumia hakujifunza namna maneno yanavyoandikwa na jamii inayomzunguka.

Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 na kupoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mdogo, alikuwa mwanafunzi katika shule hiyo. Alizipunguza nukta hadi 6, zinazotoa michanganyiko 63, akaifunga kila alama na herufi au kituo cha uandishi. Maelezo ya mfumo wake yalichapishwa mwaka 1829. Uvumbuzi huo ulikuwa wa kiufundi kwa upande mmoja na wa kiisimu kwa upande wa pili: alama ilitoshea kidole, na msomaji akamiliki tahajia kamili.

Hata hivyo, katika miaka ya 1840 uongozi wa shule uliupiga marufuku mfumo huo, kwa kuwa haukufanana na maandishi ya wanaoona. Wanafunzi waliendelea kuutumia wao kwa wao. Ufaransa iliukubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kifo cha mbunifu wake.

Gharama ya kanuni nyingi

Funzo la pili linatoka Marekani. Huko mifumo kadhaa ya nukta ilishindana kwa miongo mingi, ukiwamo ule wa New York uliotetewa na William Bell Wait, Breili ya Kimarekani na ile ya Kiingereza cha Uingereza. Kitabu kilichochapwa kwa mfumo mmoja hakikumfaa aliyefundishwa mwingine. Msomaji mwenye ari alilazimika kujifunza mifumo miwili au mitatu ili afikie maktaba ambayo, hata ikijumlishwa yote, ilikuwa ndogo. Mwafaka wa kanuni moja baina ya Marekani na Uingereza ulipatikana mwaka 1932.

Ni baada ya mwafaka huo, mwaka 1951, ndipo mashine ya kuandikia iliyobuniwa na David Abraham katika shule ya Perkins ilipoanza kutolewa. Ina kitufe kimoja kwa kila nukta, na mwandishi husoma alichoandika papo hapo, tofauti na kibao cha mkono ambacho humlazimu kutoboa kutoka kulia kwenda kushoto na kisha kugeuza karatasi. Mashine hiyo ilienea katika nchi nyingi, na kuwapo kwa kanuni iliyokwisha kukubaliwa kulirahisisha safari yake.

Afrika Mashariki

Katika eneo letu, elimu ya wasioona ilianza chini ya wamisionari: Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya Thika mwaka 1946. Kiswahili Sanifu kilikuwa kimekwisha kupata tahajia yake kupitia Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Tahajia ya wino, hata hivyo, haijibu maswali yote ya kidole. Katika maandishi ya mkato ya nukta nundu za Kiingereza, ch, sh na th huwa na alama moja moja. Je, Kiswahili kifuate mkondo huo? Na dh, gh, ny na ng' ziandikweje? Majibu yakitofautiana baina ya nchi jirani, tutakuwa tumeurudia mgogoro wa Marekani kwa hiari yetu.

Swali hili limepata uzito mpya wa kisheria. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu nakala za vitabu kwa ajili ya wasioona kuvuka mipaka bila kizuizi cha hakimiliki. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018 na Tanzania 2020. Sheria imefungua mlango, lakini kitabu kinachovuka Namanga au Mutukula kitafaa tu endapo msomaji wa upande wa pili anaijua kanuni yake.

Wapo wanaodai kwamba programu za kusoma kwa sauti zimeyaondoa maswali haya. Sauti ina manufaa makubwa, hasa pale vitabu vinapokosekana. Lakini anayesikia tu hakutani na ritifaa ya ng'ombe wala mpaka wa aya. Kumpa mtoto sauti bila maandishi ni kumrudisha kwa Barbier.

Hitimisho

Historia hii inaelekeza mambo matatu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu kanuni moja ya nukta nundu za Kiswahili. Walimu na wasomaji wasioona wawe waamuzi katika kazi hiyo, wala wasiitwe mwishoni kuidhinisha. Na bajeti ya vifaa ifuate kanuni, isiitangulie. Nukta sita zilishinda kwa sababu aliyezipanga alizisoma kwa kidole chake mwenyewe.