Gesi Barabarani: Kutoka Songo Songo hadi Delhi

Wengi wetu chamani tuna ndugu Dar es Salaam ambao magari yao sasa yanatumia gesi. Ukiwauliza kwa nini walibadili, watakutajia bei. Katika insha hii tunaeleza jinsi gesi hiyo ilivyochelewa kufika barabarani, na kwa nini kuhamasisha watu peke yake hakutoshi.

Gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974 katika kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, na kampuni ya Agip ya Italia. Kampuni hiyo iliona gesi hailipi, ikaondoka. Serikali iliendelea kuchimba visima kupitia TPDC, na miaka ya 1980 ulikuwapo mpango wa kujenga kiwanda cha mbolea Kilwa, lakini hakikujengwa. Gesi ikakaa chini miaka 30, huku nchi ikinunua mafuta nje.

Mwaka 2004 bomba liliifikisha Dar es Salaam. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzalisha umeme Ubungo na kuendesha viwanda. Magari yalifuata baadaye, tena machache, kwani vituo vya kujazia vilikuwa vya kuhesabika. Bomba la pili, kutoka Mtwara, lilikamilika mwaka 2015. Kabla ya hapo, mwaka 2013, wananchi wa Mtwara waliandamana wakihoji watanufaikaje, na wapo waliopoteza maisha.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mwaka 2022, lita ya petroli ilipovuka shilingi 3,000. Kilo moja ya gesi iliuzwa kwa karibu nusu ya bei hiyo. Madereva wa teksi na bajaji hawakusubiri semina. Walikwenda gereji kufungiwa mitungi. Foleni zikahamia kwenye vituo vya gesi, na dereva anayesubiri saa kadhaa hupoteza abiria na faida aliyoifuata.

Delhi, India, ilipita njia nyingine. Huko tatizo lilikuwa moshi. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu iliamuru mabasi yote ya jiji yatumie gesi. Wenye mabasi walilalamika, muda ukaongezwa, na foleni zilikuwa ndefu kama za Dar es Salaam. Lakini kufikia mwisho wa mwaka 2002 mabasi ya dizeli ya jiji yalikuwa yameondolewa.

Basi Delhi ilisukumwa na amri, Dar es Salaam ikasukumwa na bei, na kote wateja walifika kabla ya vituo kutosha. Kwa maoni yetu, anayetaka kueneza gesi aanze na vituo na gharama ya kubadili mfumo wa gari, kisha ndipo ahamasishe. Na asiisahau kusini. Vituo vingi viko Dar es Salaam, ilhali gesi inatoka Kilwa na Mtwara. Swali la mwaka 2013 bado linadai jibu.