Songea: Mji Uliobeba Jina la Mtu

Mgeni aingiaye Songea huweza kudhani kwamba mji huu ulipewa jina lake baada ya Uhuru, kwa kumtukuza nduna aliyenyongwa na Wajerumani. Mambo hayakuwa hivyo. Wajerumani walipoweka boma lao hapa mwaka 1897 walimkuta nduna Songea Mbano akitawala watu wake jirani, wakakiita kituo chao kwa jina lake. Miaka tisa baadaye walimnyonga katika mji huo huo waliouita Songea. Jina lilitangulia kitanzi, na ajabu hiyo ndiyo iliyonifanya nitake kuuzunguka mji kwa miguu, nikiongozwa na mzee mmoja mwenyeji.

Songea ni mji wa miinuko na mabonde, na atembeaye humo hapana budi awe na pumzi. Upande wa mashariki iko Milima ya Matogoro, ambamo Mto Ruvuma huanza safari yake ndefu ya kwenda Bahari ya Hindi. Mzee alikwenda polepole, fimbo mkononi, wala hakuonyesha mahali popote kabla ya kutaja kwanza ni nani aliyekaa hapo, na ni mtoto wa nani. Mwanafunzi aliyezoea kuianza historia kwa tarehe hufunzwa mengi na mwendo wa namna hiyo.

Wangoni walitoka kusini ya mbali. Chini ya Zwangendaba waliuvuka Mto Zambezi mwaka 1835, siku ya kupatwa kwa jua. Naye alipofariki huko Ufipa, wafuasi wake waligawanyika, na baadhi yao wakateremka huku. Ilipofika mwaka 1905 palikuwa na tawala mbili: Mshope ya kaskazini chini ya Chabruma, na Njelu ya kusini chini ya nkosi Mputa Gama. Songea alikuwa nduna wa Njelu. Vita vya Majimaji vilikwisha kuwaka Umatumbi mwezi wa Julai wakati Omari Kinjala alipoileta dawa ya maji Ungoni, na miongoni mwa waliompokea alikuwa mwanamke mtawala, Mkomanile wa Kitanda. Watu waliokuwa na sifa ya ushujaa kwa muda wa miaka sabini walikwenda kuikabili bunduki wakiamini kwamba risasi itageuka maji. Askari wa serikali walipopata nguvu walichoma ghala na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Tulisimama kwa muda mrefu Mahenge, penye Makumbusho ya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa mjini hapa, Mputa akiwa mmoja wao. Padre Johannes Häfliger, Mbenedikto, alikuwa amewabatiza wengi wao kabla ya kufa. Waliouawa huhesabiwa kuwa 67, na 66 kati yao wamelala katika kaburi moja. Songea ana kaburi lake peke yake. Kwa nini? Mzee alijibu bila kusita. Wajerumani, alisema, walitaka kumbakiza hai, kwa kuwa walijua uzito wake kwa watu. Naye akakataa kuishi baada ya wenzake, akataka anyongwe kama wao.

Wako watakaoyaweka kando masimulizi hayo kwa kuwa hawakuyaona katika majalada ya boma. Mimi siafikiani nao. Aliyeshinda ndiye aliyeandika hukumu. Aliyeshindwa alibaki na ulimi wake tu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwasikiliza wazee wangali hai, na kitabu cha Mapunda na Mpangara juu ya vita vya Ungoni, kilichotoka mwaka 1969, kilitokana na kazi hiyo. Kama wangengoja miaka ishirini zaidi, wangewasikiliza nani?

Kutoka hapo tulikwea kilima cha Chandamali, ambako wenyeji huonyesha pango ambalo nduna alijificha. Jiwe ni baridi, na mlango wake ni wa kuinama. Kutoka juu mji huonekana mpana, mabati yaking'aa jua la mchana, na Mzee akanionyesha kwa fimbo uelekeo wa Mahenge tulikotoka. Ndipo aliposema jambo ambalo hakulisema kule makaburini: kwamba kaburi la nduna lina kiwiliwili tu, maana kichwa kilikatwa kikachukuliwa Ujerumani.

Neno hilo limesemwa na wazao wa Songea kwa miaka mingi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Mahenge, akasimama mbele yao, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa hicho. Siku alipotoa ahadi hiyo, fuvu lilikuwa bado halijatambuliwa.